SOMBE YA NYUMBANI: KUINUNUA, KUITUNZA NA KUIPIKA BILA HATARI



Mara nyingi ukurasa huu husema habari za kofia ya chuma, viatu vya kazi na mawe yanayoanguka. Leo tunaingia jikoni. Usidhani ya kwamba tumeacha habari za usalama. Sumu ile ambayo mfanyakazi wa kiwanda cha dhahabu hufundishwa kuiogopa, yaani sianidi, imo pia ndani ya fungu la sombe ambalo mama amelinunua asubuhi sokoni Baraka. Tofauti ni kwamba kiwandani kuna glavu, kuna kifuniko cha uso, kuna kibao chenye kichwa cha mfu. Jikoni kuna kinu na sufuria tu. Lakini kinu na sufuria vikitumiwa sawasawa vinatosha.

Hatusemi haya ili watu waache sombe. La hasha. Sombe ni mboga bora. Bugali ya muhogo peke yake hushibisha tumbo, ila haijengi mwili, maana mzizi wa muhogo una proteini kidogo mno, karibu gramu 1 tu katika gramu 100. Majani yake mabichi yana karibu gramu 7. Yana pia chuma kwa ajili ya damu, na vitamini A kwa ajili ya macho ya watoto. Mtu anayekula bugali na sombe yenye ndagala anakula vizuri kuliko yule anayekula bugali na maji ya chumvi. Tunataka tu uile bila sumu yake.

SUMU INATOKA WAPI

Wafanyakazi wengi wanajua kazi ya sianidi. Ni tangu mwaka 1887, kule Glasgow katika Uskoti, MacArthur na ndugu wawili wa jamaa ya Forrest walipoonyesha namna ya kutoa dhahabu katika mawe yaliyosagwa kwa kuyapitishia maji yenye sianidi. Kiwandani maji hayo huchanganywa na chokaa. Kapita amekwisha kukueleza sababu: chokaa huzuia sianidi isigeuke kuwa gesi na kuruka hewani, kwa kuwa gesi hiyo huua. Weka jambo hilo akilini, kwa sababu jikoni twataka kinyume chake. Twataka gesi iondoke.

Ndani ya jani la muhogo sianidi haikai wazi. Imefungwa pamoja na sukari katika kitu kinachoitwa linamarini. Karibu yake, lakini katika chumba kingine cha jani hilo hilo, kuna chachu inayoitwa linamarasi. Ukuta mwembamba huvitenganisha. Mdudu au mbuzi akitafuna jani, ukuta huvunjika, vitu hivyo viwili hukutana, na sumu hufunguliwa. Ndiyo silaha ya mmea, maana hauwezi kukimbia.

Sasa tazama akili ya wazee wetu. Hawakujua jina la linamarini, lakini walijua kazi ya kinu. Mama anapotwanga sombe anavunja kuta zote zile. Linamarini inakutana na chachu yake, sumu inafunguliwa na kuwa gesi. Gesi hiyo hugeuka mvuke katika joto la nyuzi 26 tu, na joto la mchana kule Baraka hupita kiasi hicho mara nyingi. Basi sehemu ya sumu huondoka hata kabla ya moto, kinu kikiwa wazi pale uani. Sehemu iliyobaki huondoka pamoja na mvuke wa sufuria.

Kwa hiyo ukisikia mtu akisema kwamba kutwanga ni kwa ajili ya kulainisha tu, mwambie amekosea. Kutwanga ndiyo dawa. Jani lililopikwa zima bila kutwangwa ni hatari kuliko yote, kwa sababu moto huua chachu kabla haijafanya kazi yake, na linamarini inabaki imefungwa ndani ya jani mpaka tumboni.

Watu huuliza pia: je, muhogo mtamu hauna sumu? Mzizi wa muhogo mtamu una sumu kidogo, ndiyo maana watoto huutafuna mbichi shambani. Lakini majani ni habari nyingine. Majani yana sumu kuliko mzizi, nayo majani machanga ya juu, yale laini tunayoyapenda, yana sumu zaidi kuliko yaliyokomaa. Basi sombe yote, ya muhogo mtamu au ya muhogo mchungu, hutwangwa na kuchemshwa kwa namna moja.

KUNUNUA

Nenda sokoni asubuhi. Majani ya muhogo huchumwa alfajiri au jioni ya jana, na kufikia saa nane mchana, katika joto la kando ya ziwa, fungu zuri limekwisha kuwa fungu baya. Tafuta majani matatu au manne ya juu ya kila tawi, yenye rangi ya kijani safi, vikonyo vyake vikivunjika kwa sauti. Kikonyo kinachopinda bila kuvunjika ni cha zamani.

Usitazame nje ya fungu tu. Wauzaji wengine, tusiwataje, hupanga majani mazuri nje na majani ya manjano katikati. Ingiza vidole ndani ya fungu. Ukisikia joto katikati yake, liache. Majani yaliyofungwa yakiwa na maji huchemka yenyewe kama lundo la nyasi, na kuoza kwake huanzia ndani.

Kuna majani yenye mabaka ya manjano na yaliyokunjamana. Huo ni ugonjwa wa muhogo uitwao mozaiki, unaoletwa na inzi wadogo weupe. Haumshiki binadamu. Lakini majani hayo ni madogo na magumu, nawe unalipa franga zako kwa vikonyo. Ukinunua, basi bei ipunguzwe.

Kumbuka pia kwamba sombe hudanganya macho. Fungu kubwa la kukumbatia likitwangwa na kupikwa linabaki bakuli moja. Kwa nyumba ya watu sita au saba usinunue kwa uchache, ukaishia kuongeza maji ili ienee. Sombe ya maji haimsaidii mtu anayerudi kutoka kazi ya usiku.

Siku hizi katika miji mingi kuna mashini za kusaga sombe, na sombe iliyokwisha kusagwa huuzwa katika mifuko ya plastiki. Mashini si mbaya, nayo huokoa mikono ya mama. Tena husaga laini, na hilo tumelisema kuwa ni jambo la maana. Shida ni mbili. Kwanza, hujui majani yalioshwa au la, wala hujui kama vikonyo vigumu na majani yaliyooza vimetupwa ndani. Pili, sombe iliyosagwa huchacha upesi sana. Tunashauri upeleke majani yako mwenyewe, yaliyochaguliwa na kuoshwa, yasagwe mbele ya macho yako, kisha uipike siku hiyo hiyo.

Neno moja kwa wale wanaotoka Bukavu au milimani, ambao huona sombe kuwa mboga ya watu wa chini na kutafuta kabichi na shu-fleri. Mboga hizo ni nzuri, nazo hazina sumu ya kutwangwa. Lakini hupenda baridi ya mlimani, na zikifika kando ya ziwa zimesafiri mbali, zimechoka, na bei yake imepanda. Shu-fleri yenye madoa meusi kichwani imekwisha kupita wakati wake. Kwa franga hizo hizo utapata sombe na samaki juu yake.

KUTUNZA

Majani mazima yanaweza kulala usiku mmoja. Fungua fungu, usiliache limekazwa. Simamisha vikonyo katika beseni lenye maji kidogo, mahali pa kivuli, kama mtu anavyoweka maua. Au uyafunge katika jani la mgomba lililoloweshwa. Usiyafungie katika mfuko wa plastiki bila hewa, wala usiyaoshe jioni kama utayapika asubuhi. Osha wakati wa kupika.

Sombe iliyotwangwa haingoji. Ina saa chache tu. Hata hivyo si lazima uikimbize kwenye moto dakika ile ile. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu kule Canberra, Australia, walionyesha kwamba majani yaliyotwangwa vizuri, yakitandazwa juani kwa saa 2 au kivulini kwa saa 5, kisha yakaoshwa mara tatu kwa maji, hupoteza karibu sumu yake yote hata bila kupikwa sana. Sisi hatukushauri kuacha moto, na sababu yake tutaieleza. Lakini jambo hili lakufundisha kwamba sombe iliyotwangwa na kuachwa wazi kwa muda, huku ikifunikwa kwa kitambaa chepesi dhidi ya inzi, haipotezi wakati. Inafanya kazi.

KUPIKA

Chambua majani, tupa vikonyo vigumu, osha. Twanga mpaka usione tena umbo la jani, si chini ya dakika 10. Hapa ndipo watu huchoka upesi, na hapa ndipo sumu hubaki. Kijana mwenye nguvu aliyekaa kibarazani anaweza kushika mtwangio. Hakuna sheria inayomkataza mwanamume.

Mama wengine hupitisha majani katika maji ya moto kwanza ili yalainike, ndipo huyatwanga. Kama ndiyo desturi ya nyumba yako, fahamu kwamba moto huo umeua ile chachu, na kinu hakitafanya tena kazi yake yote. Katika njia hii linamarini hutoka kwa kuyeyuka katika maji. Basi maji yale ya kwanza myamwage, yote, wala msiyatumie kuwa mchuzi. Kati ya njia hizi mbili, sisi tunapendelea kutwanga mabichi.

Weka sombe iliyotwangwa katika sufuria yenye maji mengi, chemsha, na katika dakika 20 za kwanza usifunike. Kifuniko huurudisha mvuke ndani, na mvuke ule ndio unaochukua gesi. Pikia mahali penye hewa. Baada ya hapo unaweza kufunika na kuiacha ichemke polepole saa moja au zaidi, mpaka ulaini wake ukupendeze.

Watu wenye haraka hutia magadi au soda ili iive upesi. Yaivisha kweli, na rangi inabaki kijani. Lakini magadi huua vitamini. Heri uongeze makala kidogo kuliko kuongeza magadi.

Mafuta ya mawese tia mwishoni, pamoja na kitunguu, nyanya na pilipili. Mawese ya Fizi tuyashukuru: yana vitamini A ndani yake, na mafuta yenyewe husaidia mwili kuichukua vitamini A iliyo katika majani. Kisha tia ndagala waliooshwa mchanga, au karanga zilizosagwa, au maharagwe yaliyokwisha kuiva. Si kwa utamu tu. Mwili una njia yake ya kuivunja sianidi kidogo iliyoponyoka kinu na sufuria, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa, na salfa hiyo huipata katika proteini nzuri, hasa ya samaki, nyama na mayai. Sombe yenyewe, ijapokuwa na proteini nyingi, ina upungufu wa aina hiyo. Kiganja kimoja cha ndagala kinakamilisha sufuria nzima.

Chumvi tia mwisho kabisa, tutasema kwa nini. Na kwa kuwa kuchemsha kwa muda mrefu huua vitamini C, wape watoto embe, pera au chungwa baada ya chakula.

Sasa ile sababu ya kutoacha moto. Kando ya Tanganyika, tangu Uvira kupitia Fizi mpaka Kalemie, kipindupindu kinajulikana tangu miaka mingi. Sombe iliyooshwa kwa maji ya ziwa au ya mto Mutambala na kuliwa bila kuchemka sawasawa huondoa sumu moja na kuleta nyingine. Matunda nayo yaoshwe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, na mikono kwa sabuni.

Jambo la makala tusilipite. Wakati wa mvua mama huingiza mbabula ndani ya nyumba, hufunga mlango, na sombe inachemka saa mbili. Ewe mfanyakazi wa chini ya ardhi, wewe unaijua hewa mbaya ya moto, isiyo na harufu, inayomlaza mtu bila kelele. Ni hewa ile ile. Mbabula ikae nje au chini ya paa lisilo na kuta, na usiku isilale ndani pamoja na watoto.

KONZO: MIGUU ILIYOFUNGWA

Mpaka hapa tumesema majani. Lakini nyumba inayotwanga sombe vizuri inaweza kuharibu kazi yote kwa unga wa muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha. Mlo mmoja mbaya humletea mtu kizunguzungu, kuumwa kichwa, tumbo na kutapika, saa chache baada ya kula. Mtu akipatwa hivyo, hasa mtoto, mpeleke dispansere mara moja, na umwambie mganga alikula nini. Usingoje asubuhi, wala usijaribu dawa za majirani.

Ubaya mkubwa zaidi ni ule wa kula sumu kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, bila samaki wala maharagwe. Mwaka 1938 mganga Mwitalia aitwaye Trolli aliandika habari za ugonjwa wa Kwango, upande wa magharibi wa nchi yetu, ambao Wayaka waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu mzima wa afya, au zaidi mtoto aliyepita miaka mitatu, au mama anayezaa, huamka siku moja na miguu imekakamaa. Hutembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana, wengine kwa fimbo mbili, wengine hawatembei tena. Hauambukizi. Si uchawi, wala hakuna aliyemroga. Lakini hauponi. Miguu ile hubaki hivyo maisha yote.

Sikiliza namna ulivyozidi kule Bandundu. Barabara nzuri ya Kinshasa ilipofika, wanunuzi wa muhogo walikuja kwa malori, na kila mtu alitaka kuuza upesi. Muhogo uliozoea kulowekwa siku tatu ukaanza kulowekwa siku moja tu. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Zaire na wa Sweden walikwenda kijiji kwa kijiji, wakakuta kwamba sababu ilikuwa hiyo: siku mbili zilizokatwa, pamoja na chakula kisicho na proteini. Huko Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, ukame ulifanya hivyo hivyo. Watu walikula muhogo mchungu bila kuungoja, na zaidi ya watu 1,000 wakalemaa. Tena si mbali na sisi: mwaka 2011 waganga walitoa taarifa ya konzo katika Burhinyi, upande wa Mwenga, hapa hapa Kivu ya Kusini.

Unaona kwa nini jambo hili linahusu kambi ya migodi. Mahali penye migodi kama Misisi watu huja wengi kwa ghafula. Wengi hawana shamba, wote hununua unga, na muuzaji anajua ataumaliza wote leo. Vita navyo vimewafukuza watu mara nyingi katika Fizi, na mtu anayekimbia hangoji siku tatu. Basi mwulize muuzaji wako: umeloweka siku ngapi? Muhogo mchungu ulowekwe siku tatu au nne, mpaka ulainike na kuvunjika mkononi, kisha uanikwe mpaka ukauke kabisa. Unga wenye ladha ya uchungu usile.

Na kama umekwisha kuununua na una mashaka? Iko njia rahisi, nayo haihitaji franga. Mtafiti Howard Bradbury wa Australia ndiye aliyeitunga, na mtaalamu wa lishe wa nchi yetu, Jean-Pierre Banea, pamoja na wenzake, waliijaribu tangu mwaka 2010 katika kijiji cha Kay Kalenge, upande wa Popokabaka, ambako konzo ilikuwa imeenea. Tia unga katika beseni, uweke alama mahali ulipofika. Ongeza maji huku ukikoroga. Kwanza unga hushuka, kisha hupanda. Ukirudi kwenye ile alama, maji yametosha. Tandaza unga huo wenye unyevu juu ya mkeka safi, unene wake usipite sentimeta 1, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Chachu iliyobaki katika unga humalizia kazi yake, gesi huruka. Kisha songa bugali yako siku hiyo hiyo, maana unga wenye unyevu haulali. Pale Kay Kalenge, wanawake walipoifuata njia hiyo, wagonjwa wapya wa konzo hawakuonekana tena.

Mizizi mibichi, kwa upande wake, haikai. Baada ya siku mbili au tatu tangu kung'olewa huonyesha mistari ya buluu na nyeusi ndani. Nunua ya kutumia, usinunue ya kuweka.

CHUMVI NA ROVU

Tuliahidi habari ya chumvi. Sianidi mwili ukiivunja hubaki kitu kingine, nacho huizuia shingo kupata iodini. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, waganga Wabelgiji wa miaka ya 1960 na 1970 walishangaa kuona rovu, yaani uvimbe wa shingo, imejaa kaskazini na si hivyo kusini-magharibi, ingawa iodini ilipungua pande zote mbili. Waliufuatilia mfano huo mpaka wakafika kwenye muhogo. Mama mwenye mimba asiyepata iodini anaweza kuzaa mtoto ambaye akili na masikio yake hayakukomaa. Nunua chumvi iliyoandikwa kwamba ina iodini, itunze katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, na uitie chakula kikiwa karibu kuondoka motoni, kwa sababu moto mrefu huipunguza iodini.

VYOMBO VYA KAZINI VIBAKI KAZINI

Sasa twasema na baba. Pipa la plastiki au la chuma lililokuwa na dawa za kiwanda ni chombo kizuri kwa macho: kubwa, gumu, lina kifuniko. Mtu hulichukua, huliosha mara kumi, na mke wake hulowekea muhogo au hutekea maji. Usifanye hivyo kamwe. Kuosha hakutoshi, na hakuna atakayekuambia ni kiasi gani kilichobaki katika mshono wa chini. Linalopasa pipa hilo ni kutobolewa na kurudishwa kwa mkuu wa usalama. Ukimwona jirani ametumia moja, usimcheke, mwambie.

Hali kadhalika zebaki. Ndugu wanaochimba kwa mikono hukusanya dhahabu yao kwa zebaki, na wengine huichoma nyumbani jioni, juu ya mbabula ile ile ya sombe, hata katika kijiko au sufuria kuukuu ya jikoni. Mvuke wa zebaki hauonekani. Huingia katika mapafu ya wote waliokaa karibu, hugandama ukutani na katika vyombo, huharibu mishipa ya fahamu, na humwingilia mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Moto wa chakula usiwe moto wa dhahabu. Chombo kilichogusa zebaki mara moja kimetoka jikoni kwa siku zote. Na mto unaoshuka kutoka mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu usioshee sombe. Tafuta kisima au bomba lililo upande wa juu.

SOMBE YA KWENDA NAYO KAZINI

Watu hupenda kusema sombe ya jana ni tamu kuliko ya leo, na hatubishani nao. Lakini sombe ya jana iwe imefunikwa, imekaa mahali pa baridi kuliko pote nyumbani, na asubuhi irudishwe motoni mpaka ichemke kabisa, si kupashwa vuguvugu. Bakuli la kazini lioshwe kila siku na kifuniko chake, maana mawese hujificha katika ukingo na kuchacha. Pakia sombe ikiwa ya moto, na bugali katika chombo chake peke yake. Ukifika, usiliweke bakuli juu ya mashini wala katika chumba cha dawa, hata kama ni dakika moja. Liache katika nyumba ya kulia. Kabla ya kulifungua toa glavu, nawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, na uso pia kama umetoka kwenye vumbi. Kilichobaki saa nane usikirudishe nyumbani kwa watoto.